Kopo la Kufuta, Kopo la Kilima: Siku Sita Kwenda na Kurudi Umatengo

Jumapili, 24 Agosti 2025. Mbagala

Nimesali misa ya kwanza, nimerudi, nimefunga begi. Kesho alfajiri tunaondoka mimi na mdogo wangu wa mwisho kwenda Umatengo, kwetu milimani Mbinga, kwenye misa ya mwaka ya Mama. Mwaka wenyewe unatimia Septemba, lakini tumeivuta nyuma hadi tarehe 27 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Monika, somo wake. Ilikuwa siku pekee katika mwaka mzima ambayo Mama alijiwekea sukari kwenye chai, vijiko viwili. Siku nyingine aliinywa hivyo hivyo na kusema ameizoea.

Kundi la familia la WhatsApp halijalala tangu Juni. Kaka mkubwa alitaka kaburi la vigae, na kila jioni alituma picha: vigae vyeupe, vigae vya bluu, kaburi lenye kibanda cha bati jekundu na taa ya sola. Mmoja wa shemeji zetu akaongezea makadirio ya fundi. Mimi niliandika sentensi moja tu: "Mama angeuliza kigae kimoja ni shilingi ngapi." Kundi likanyamaza siku mbili. Siku ya tatu kaka akajibu, "Basi saruji." Tukakubaliana saruji ya kawaida na msalaba wa zege, na fedha zitakazobaki ziingie kwenye chakula cha watu.

Usiku mdogo wangu akapiga simu. Hakusalimia hata.

"Kaka, lile kopo limebaki kwa nani?"

"Kopo lipi?"

"Usinitanie."

Sijui liko kwa nani. Tulipoanua matanga mwaka jana kila mtu alikuwa anawahi basi.

Jumatatu, 25 Agosti. Mbezi hadi Songea

Tumetoka kituo cha Magufuli, Mbezi, kabla hakujapambazuka. Mdogo wangu kaja na kikapu: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai matano, chumvi ndani ya kikaratasi kilichokunjwa. Nimecheka peke yangu. Mama hakuwahi kununua chakula njiani maishani mwake, na kumbe tabia hiyo imepita kwangu bila kugusa ikaenda kutua kwa mtoto wa mwisho.

Chalinze na Morogoro zimenipita nikiwa nimesinzia. Mikumi nimeamshwa na watoto: tembo watatu kando ya lami, mmoja amesimama na mchanga mgongoni. Dereva alikuwa ameshapunguza mwendo. Kugonga mnyama ndani ya hifadhi kuna faini, tena si ya kuchekea.

Ruaha Mbuyuni basi likasimama na wauza vitunguu wakazingira madirisha. Pale ndipo nilipotoa daftari. Kando ya barabara palikuwa na magunia ya lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, halafu juu limeongezewa wavu ulioshonwa kwa kamba, nao umejazwa tena, kiasi kwamba gunia linasimama kama mzee aliyevaa kilemba. Sheria ya vipimo inakataza, gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa ipo. Mkulima analipwa gunia moja na mnunuzi anaondoka na gunia na nusu. Mimi ni mtunza ghala, miaka thelathini na mitano sasa, na lumbesa naijua kwa kuitupia jicho. Kila nikiiona namkumbuka Mama. Naye alikuwa na lumbesa yake, ila ilikuwa imegeuzwa kichwa chini.

Lilikuwa kopo la Kimbo la kilo mbili, rangi yote imebanduka, ukingo umepondwa kwa nyundo usikate vidole. Ndani yake kulilala kijiti cha mwanzi kilicholainishwa kwa kipande cha chupa. Akipima unga wetu wa jioni alijaza kopo, akapitisha kijiti juu yake mara moja, na unga uliozidi ukarudi kwenye debe. Tuliliita kopo la kufuta. Makopo mawili, watoto saba na wazazi wawili. Ukilalamika unaambiwa maji yamo mtungini. Akija mtu wa nje, wa kuomba au wa kukopa, kijiti hakikuguswa. Alijaza kopo, akaongeza kwa kiganja, akaongeza tena, mpaka nafaka zikaanza kuporomoka pembeni. Hilo lilikuwa kopo la kilima.

Kwangu mimi mtoto ule ulikuwa uonevu mtupu. Nikiwa na miaka kama tisa nilimkabili: kwa nini jirani anapata kilima na mimi niliyetoka tumboni mwake napata kufuta? Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso.

"Wewe ni wa humu," akasema. "Wa humu hapimiwi kilima."

Sikuelewa. Nikaenda kuchunga mbuzi na njaa yangu.

Kitonga tumeipanda nyuma ya msafara wa malori, taratibu kama maandamano. Ilula, nyanya. Iringa, dakika kumi. Baada ya Mafinga tairi likapasuka, na saa mbili nzima tukasimama kwenye baridi kali huku utingo akitafuta jeki ambayo, kwa maelezo yake, jana ilikuwepo. Nyuma yetu alikaa mama kijana na watoto wawili ambao walikuwa wamemaliza biskuti zao tangu Morogoro. Mdogo wangu akawapa mayai manne. Lililobaki akalimenya, akachomoa uzi kwenye pindo la mtandio wake, akalizungushia na kuvuta. Yai likagawanyika katikati, kiini hakikumwagika hata punje. Mama ndiye aliyetufundisha: yai la Pasaka kwa uzi, mche wa sabuni kwa uzi. Kisu, alisema, kinakula.

Tumeingia Songea saa saba na dakika ishirini usiku.

Jumanne, 26 Agosti. Songea, Peramiho, Mbinga, nyumbani

Mdogo wangu alitaka tupitie Peramiho kununua mishumaa ya misa. Mjini Songea ipo, nilimwambia. Akasema anataka ya Peramiho. Ni mwendo wa nusu saa tu, nikanyamaza.

Peramiho ndiko Mama alikopita kabla ya kuolewa. Wamisionari Wabenedikto walifika hapo 1898. Misheni ikachomwa moto 1905 wakati wa Majimaji, ikajengwa upya, ikakua hadi kuwa abasia yenye hospitali, kiwanda cha uchapaji na karakana. Vitabu vyote vya sala nilivyoshika utotoni vilikuwa na jina la Peramiho chini ya ukurasa wa kwanza. Mama alikaa kwa masista akiwa msichana, akafundishwa kushona na kupika. Alirudi akiwa anaoka mkate ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na akiwa anajua kugeuza kola. Shati likichakaa shingoni, kola inafumuliwa, inageuzwa upande wa ndani uwe wa nje, inashonwa tena, na shati linaanza maisha mapya. Nimevaa kola za kugeuzwa mpaka darasa la saba. Huko sekondari mwenzangu mmoja wa bweni aligundua, na darasa zima likaniita "Geuza" kwa mihula miwili. Likizo iliyofuata nilimwambia Mama asije siku ya wazazi. Hakuja. Alimtuma jirani na mfuko wa karanga. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na sasa limeandikwa.

Katika duka la vitabu nilifungua Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba humo kuna sura ya watu wa kazi yangu. Ipo, ni ya 31. Mtunza ghala wa monasteri anatakiwa avitazame vyombo vyote na mali yote kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Asiwe bahili, asiwe mfujaji. Na akikosa cha kumpa anayeomba, basi ampe neno jema. Mbele kidogo, sura ya 53, wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe. Nilisoma nimesimama mpaka muuzaji akakohoa. Miaka yote nilidhani Mama alikuwa watu wawili, mmoja mgumu na mmoja mkarimu, wamebanana ndani ya kitenge kimoja. Kumbe masista walimpa zote mbili siku moja, labda kwenye somo la kufagia.

Nimenunua mishumaa. Kitabu nimekiacha. Kilikuwa ghali kidogo.

Barabara ya kwenda Mbinga siku hizi ni lami safi. Mbinga mji umechangamka, ni msimu wa kahawa, watu wana hela mfukoni na pikipiki ziko kila kona. Tumelipita kanisa kuu la Mtakatifu Kiliani, tukapanda gari dogo la kwenda upande wa Litembo, watu kumi na mmoja ndani ya gari la watu saba, na kuku wawili.

Tumefika jua linazama. Fundi alikuwa anamalizia kaburi. Alimwaga saruji ya juu, akachukua ubao mrefu, akaupitisha kutoka upande wa kichwa hadi miguuni, na iliyozidi ikaanguka pembeni. Mdogo wangu akanigusa kiwiko. Hatukusema kitu. Kaka mkubwa, yule wa vigae, alikuwa amechuchumaa pembeni akiangalia.

"Imekaa vizuri," akasema.

Rozari ya jumuiya ilikuwa saa moja usiku, nje, watu wamejifunika mablanketi. Mwenyekiti wa jumuiya alisahau tendo la nne la uchungu akaingia la tano moja kwa moja. Mama angemrudisha.

Jumatano, 27 Agosti. Misa

Kigango kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mizizi ya miti. Wanawake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walikuja na sare zao. Padri alifika kwa pikipiki, kanzu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alipofika kwenye kumwombea Baba Mtakatifu akamtaja Papa Leo, nami nikashtuka kidogo: Mama alimwacha Fransisko.

Kwenye matoleo hawakuleta bahasha nyingi. Walileta mahindi, maharage, kahawa kavu, mkungu wa ndizi na jogoo mmoja aliyekuwa anapinga. Mama alikuwa na kanuni yake ya matoleo. Kipindi chote cha Kwaresima, kila jioni kabla ya kusonga ugali, alichota konzi moja ya unga kutoka kwenye kopo letu, lile ambalo tayari limefutwa, akaitia kwenye kibuyu. Mwisho wa Kwaresima kibuyu kilikwenda kwa wagonjwa wa hospitali ya Litembo waliolazwa bila ndugu. Kwa hiyo Kwaresima yetu ilikuwa na njaa ya kweli. Baba, ambaye alikuwa mtu wa utani, aliita kile kibuyu "mtoto wa nane".

Baada ya misa watu wakapewa nafasi ya kusema. Walisema mengi, nayaruka mengi, maana misibani kila marehemu ni mtakatifu. Nitaandika la mzee mmoja tu. Alisimama kwa fimbo, akavua kofia.

Asiyetoka huku anatakiwa kwanza aelewe magoma. Kuanzia Januari mpaka Machi ghala za watu zimekwisha, mahindi mapya bado mabichi, na kahawa iko kijani mtini. Ndipo wanapokuja wenye fedha: chukua mfuko wa mahindi sasa, utanilipa kahawa msimu ukifika. Thamani ya unachochukua na ya utakacholipa hazifanani hata kidogo. Kila mwaka viongozi wanapiga marufuku, kila mwaka njaa inaifungulia mlango. Nimeona watu wamevuna kahawa nzuri, imeanikwa kwenye vichanja inang'aa, na yote si yao.

Mzee akasema hivi. Mwaka 1990, baada ya bei ya kahawa kuporomoka, alikuwa na watoto watano na hana punje. Nayakumbuka majira hayo. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika Julai 1989, na sisi ambao hatukuwahi kusikia kwamba kuna makubaliano tuliyajua kwa ada za shule zilizokosekana. Mwenye magoma alikuwa ameshafika kwake, wameshaelewana. Mkewe akakataa, akamtuma kwa Mama.

"Alinipimia makopo ishirini," mzee akasema. "Yote ya kilima. Mwezi wa saba nikapeleka ishirini ya kwangu, nami nimeyajaza kilima, kama alivyonipa. Mama huyu akachukua kijiti. Akafuta kopo la kwanza, akafuta la pili, mpaka la ishirini. Zilizoanguka akazikusanya kwenye ungo, akanimiminia kwenye kofia. Nikamwambia, mama, hizi ni zako. Akasema, mimi ninapokea kwa kufuta."

Akakaa. Kofia yenyewe alikuwa ameishika mkononi.

Mimi hesabu ile ninaijua kwa gramu. Mwaka 1991, nikiwa mgeni kazini na ninajiona mtaalamu, nilikuja likizo na mizani ya mkono, ile ya kuning'iniza, nikapima kopo la maharage. La kufuta: kilo moja na robo tatu. La kilima: kilo mbili na gramu mia moja. Nikamwonyesha Mama kwamba kwa kila kopo analokopesha anapoteza gramu 350, na kwa makopo ishirini ni kilo saba nzima. Nilidhani nimemfungua macho. Akaiangalia mizani, akauliza ni bei gani, nilipomtajia akashika kifua. Basi. Kesho yake akamkopesha mwalimu mgeni, kijana wa Tabora ambaye mshahara wake ulikuwa umechelewa, makopo sita ya kilima, mbele yangu, bila haraka.

Katika ghala lolote nililofanyia kazi, mtu anayetoa kwa kilima na kupokea kwa kufuta angefukuzwa kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini debe la Mama halikuwahi kukauka kabisa. Nimejaribu kuifunga hesabu hiyo mara nyingi. Sehemu yake naiona: ni zile konzi zetu, kola zilizogeuzwa, vipande vya sabuni alivyokausha darini miezi miwili ili visiyeyuke haraka, viatu alivyobeba mkononi mpaka mtoni karibu na kanisa, akanawa miguu ndipo akavaa. Miaka ya mwanzo ya themanini, sabuni ilipoadimika nchi nzima na watu wanafulia majani ya mpapai, Mama alikuwa bado na vipande darini, na alivitoa kwa wenye watoto wachanga. Sisi tulifulia majani.

Sitaandika kana kwamba yote yalikuwa mazuri. Alikaa miaka miwili na mtoto wa jicho kwa sababu hela ya kufanyiwa upasuaji, tuliyomtumia sisi, aliilipia ada ya binti wa watu. Aligundulika alipomimina uji nje ya kikombe. Kaka mkubwa alimfokea siku hiyo, mimi nikamuunga mkono, na leo ningemuunga tena. Kuna mahali kubana kwake kulifika mfupani.

Chakula kilitosha: ugali, maharage, nyama, usipa wa Ziwa Nyasa, wali kwa padri na wazee, togwa kwenye ndoo. Kikabaki. Shemeji yangu, mke wa kaka wa pili anayeishi pale nyumbani, akakigawa kwenye majani ya mgomba hadi sufuria ya mwisho ikatoa sauti.

Alhamisi, 28 Agosti. Shambani

Asubuhi nimekwenda kwenye shamba la Mama. Mahindi yameshavunwa, mabua yamelala, na ngoro zinaonekana vizuri mlimani, shimo kwa shimo, kama sega la nyuki lililoegeshwa. Wageni huja kutoka mbali kuzitazama. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika, na panapobaki panakuwa shimo. Mvua ikija kila shimo linakamata maji yake na udongo wake. Kwenye matuta maharage kwanza, mahindi msimu unaofuata. Mteremko ni mkali hata mbuzi anafikiri mara mbili, na udongo haujaondoka.

Nimeteleza mara moja. Hakuna aliyeona isipokuwa watoto wawili, nao wametangaza kijiji kizima.

Mchana tukagawana vitu. Havikuchukua muda. Vitenge vinne, rozari mbili, moja imeungwa kwa uzi wa gunia. Kopo la vipande vya mishumaa vya kuyeyushia mshumaa mpya. Bahasha za barua zetu, zimefunguliwa pande zote na kugeuzwa, nyuma yake ameandika nia za misa kwa penseli: kumwombea fulani aache pombe, kumshukuru Mungu kwa mbuzi, kumwombea Geuza. Nilikaa chini na hiyo. Kumbe jina lile lilimfikia.

Darini kulikuwa na vipande kumi na kimoja vya sabuni, vimekauka kama mawe. Kila mtoto kachukua kimoja, na vinne vilivyobaki tukampa shemeji.

Kopo halikuwepo. Tumetafuta stoo, jikoni, banda la mbuzi. Mdogo wangu alikaribia kulia, akaanza kusema habari za watu wasiorudisha vitu. Saa kumi jirani wa ng'ambo ya mto akaja nalo mwenyewe. Alilichukua kwenye matanga kupimia mchele, akalikalia mwaka mzima, na alikuwa amelijaza maharage, ya kilima, ameyafunika na kanga yasimwagike njiani. Kijiti, akasema, watoto walikitia motoni. Aliomba radhi mara tatu.

Mdogo wangu alilitaka kopo aende nalo Dar. Nilimwona tayari analiweka kwenye kabati la vioo karibu na televisheni. Kaka wa pili akauliza swali moja: huko utapimia nini? Likabaki.

Ijumaa, 29 Agosti. Kurudi

Gari la Mbinga linapita saa mbili. Saa moja shemeji ameniita stoo. Alikuwa ametandika mfuko mtupu, debe la maharage pembeni, kopo mkononi.

"Makopo kumi ya kwako, shemeji. Ya njiani."

Akachota. Akajaza, akaongeza kwa kiganja, akaongeza tena, maharage yakaanza kuporomoka. Mkono wake unafanana na wa Mama kwa jinsi unavyogeuka, ingawa hawana damu moja. Akamimina la kwanza, akachota la pili, akaanza kuongeza.

"Shemeji," nikamwambia. "Futa."

Akanitazama.

"Mgeni anatoka Dar, nimfutie? Watasema nini?"

"Lirudishe na lile la kwanza. Yote kumi yafute."

Alikaa kimya kidogo. Kijiti hakipo, akatazama huku na huku, akaokota gunzi la hindi sakafuni. Akalipitisha juu ya kopo. Maharage yaliyozidi yakarudi kwenye debe na sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. La kwanza, la pili, la tatu. Mdogo wangu alisimama mlangoni na begi begani, hakusema tuharakishe.

Songea tumefika mchana, basi la Dar ni kesho alfajiri. Nimepeleka mfuko ofisi ya mizigo ukapimwe mapema. Karani, kijana mwenye kalamu sikioni, akaunyanyua, akauweka kwenye mizani, akainama kusoma. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari: 17.5.

"Kumi na saba na nusu," akasema.